Mwanachama wa Kumi

Karani wa masjala ya hospitali alikuwa na shangazi mmoja tu, na shangazi huyo alikuwa mwenyekiti wa Chama cha Urafiki. Jambo hilo karani hakulitangaza kazini. Akiulizwa shangazi yake anafanya nini siku hizi, alijibu kwamba amestaafu ualimu na anapumzika. Kustaafu ilikuwa kweli. Kupumzika ndiko mama yule asikokujua.

Chama kilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la fundi saa. Ulipanda ngazi za mbao zilizolalamika kila ulipokanyaga, ukafika kwenye mlango wa kijani wenye kibao cha shaba. Ndani mlikuwa na meza ndefu, viti visivyofanana na makabati mawili yaliyojaa vitabu. Katiba yao ilieleza kazi ya chama kwa sentensi moja: kukuza urafiki baina ya watu wa nchi hii na watu wa nchi ya ng'ambo ya mto. Hakikuwa chama cha serikali, wala hakikutaka kuwa. Mtu alijiunga kwa hiari yake. Walikutana kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, na kwa saa nzima ya kwanza ilikuwa marufuku kusema lolote isipokuwa kwa lugha ya ng'ambo. Aliyeteleza aliosha vikombe vya wote. Fundi saa wa chini, ambaye watu walimwita Polepole kwa sababu hata salamu aliipokea kama mtu anayeikagua kwanza, alikuwa ameosha vikombe vile kwa miaka kumi na minane na hakuonekana kuchoka.

Utotoni karani alipelekwa pale mara nyingi, maana mama yake alifanya kazi hadi jioni na shangazi ndiye aliyemlea. Yeye na watoto wa wanachama wengine walikaa chini ya meza wakigombania vipande vya sukari, na ugomvi wao pia ulipaswa kuwa wa lugha ya ng'ambo. Baadaye alikua, akasoma, akapata kazi, na mambo ya ghorofani yakaanza kuonekana kwake kama watu wazima wanaocheza shule. Shangazi mwenyewe hakuwahi kuvuka mto hata siku moja. Mara ya kwanza alipojiandaa kwenda, mama yake mzazi aliugua. Mara ya pili aliugua yeye. Kile King'ambo chake chote alikitoa vitabuni na kwenye barua.

Kisha serikali mbili zikakosana. Watu wa kawaida hawakujua hasa chanzo. Gazeti moja lilisema ni maji ya mto, jingine likasema ni tusi alilotukanwa waziri mkutanoni. Ndani ya wiki moja daraja lilifungwa, ubalozi ukashusha bendera, na simu na barua za kwenda kule zikakatwa. Chama kilichokuwa na wanachama sitini na wanne kikabaki na tisa. Baadhi walikuja kuaga kistaarabu. Baadhi waliacha vitabu vya kuazima mlangoni wakaondoka bila kubisha. Wengine walianza tu kuvuka barabara kila walipomwona mwenyekiti anakuja. Mwenye nyumba naye alipanda ngazi, akaomba kwa upole kibao cha shaba kishushwe, kwani hakutaka mawe kwenye madirisha yake. Shangazi aliazima bisibisi ndogo ya Polepole, akakishusha mwenyewe, akakitundika ndani, ukutani, mahali ambapo kila aliyekaa mezani angekiona. Mwenye nyumba, alisema, ameomba kishuke, hakuomba kisipande tena.

Jumapili moja karani alikwenda kwake kumsihi aache. Alimkuta akipinda upindo wa sketi, miwani ikiwa puani.

"Shangazi, watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Wanasema nyinyi mnawapenda maadui. Na mimi nina kazi ya kulinda."

Shangazi alikata uzi kwa meno. "Mwanangu, mimi sijagombana na mtu. Waliogombana hawakuniuliza. Kazi yako ilinde, ni haki yako. Mimi sitakutaja popote."

Hakukuwa na hasira katika maneno yale, na ndiyo maana yalimchoma karani. Alikunywa chai harakaharaka, akaaga, na kwa wiki tatu hakurudi.

Wiki ya nne, Jumanne asubuhi, aliitwa wodi ya mifupa kuandikisha mgonjwa asiye na jina. Mtu huyo alikuwa ameletwa siku iliyotangulia nyuma ya gari la mizigo, hana fahamu, hana karatasi hata moja. Aliyemleta alisema amemwokota chini ya tangi la maji lililokuwa likijengwa nje ya mji, ambako mafundi wote walikuwa wameshaondoka. Alikuwa ameanguka kutoka jukwaani. Mfupa wa paja la kushoto ulikuwa umevunjika na kutoboa nyama.

Karani alimkuta ameamka, na wodi nzima imesimama. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mwenye mikono iliyojaa alama ndogondogo za kuungua, kama mtu aliyenyunyiziwa cheche maisha yake yote. Kwa mikono hiyo alikuwa amelishika paja lake lililovunjika, na hakumruhusu mtu kulisogelea. Wauguzi wawili walikuwa wameshajaribu, mmoja akapigwa kiwiko. Daktari wa mifupa, mrefu, mwenye sauti ya chini, alisimama mguuni pa kitanda akitazama saa.

"Kidonda kimeanza kuchafuka," alisema. "Nikimpasua leo, mguu utapona. Kesho sijui. Keshokutwa nitakuwa ninazungumzia habari nyingine kabisa. Lakini mtu mzima mwenye akili zake akinikatalia, simgusi."

Muuguzi mkuu alisema akili zenyewe ndizo za kutilia shaka, kwani tangu alfajiri anarudia neno moja tu. Na kweli, mgonjwa alikuwa akirudia neno fupi, tena na tena, macho yamemtoka.

Karani alisimama na faili lake kifuani. Neno lile alilijua. Alikuwa amelipigia kelele mara elfu chini ya meza ndefu, kipande cha sukari mkononi. Maana yake ilikuwa *wangu*.

Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Angeandika *hajulikani* kwenye faili, arudi masjala, anywe maji. Baadaye alikiri kwamba kwa muda wa kuvuta pumzi mbili au tatu alikata shauri kufanya hivyo hasa. Kisha akamtazama tena yule mtu alivyoukumbatia mguu wake, akapiga moyo konde.

"Anasema mguu ni wake," alisema. "Ni mtu wa ng'ambo."

Muuguzi mkuu aligeuka taratibu. "Wewe umejuaje?"

"Shangazi yangu ni mwenyekiti wa Chama cha Urafiki."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliguna. Lakini daktari aliuliza kitu kimoja tu: "Ana simu?"

Shangazi alifika kabla nusu saa haijaisha. Alikuwa amevaa gauni lake la Alhamisi, ingawa siku ilikuwa Jumanne, na nyuma yake alikuja Polepole amebeba kamusi kubwa kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Alimsalimu muuguzi mkuu, akamsalimu daktari, akampita karani akimgusa bega kidogo tu. Kisha akavuta kiti, akaketi karibu na kichwa cha mgonjwa, akaweka mikono yake magotini, akasema.

Mgonjwa alinyamaza papo hapo. Alimkodolea macho. Halafu akaanza kucheka, na cheko likageuka kilio, na kilio kikarudi kuwa cheko. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba shangazi alikuwa amemwuliza, kwa King'ambo cha vitabu vya zamani, kitu kama: *Ewe bwana mtukufu, ni dhiki gani iliyokushukia?* Huko kwao hakuna aliyesema hivyo tangu enzi za babu wa babu yake. Yule bwana alidhani kwanza ameshakufa, na kwamba hawa ndio wanaopokea watu upande wa pili.

Alipotulia alianza kumwaga maneno kama maji ya bomba. Shangazi aliinua kiganja na kumwomba apunguze mwendo. Aliuliza, akarudia kuuliza, akatikisa kichwa, kisha akamgeukia daktari.

"Ni fundi wa kuchomelea vyuma. Wenzake waliondolewa hapa daraja lilipokaribia kufungwa, naye alikuwa kazini mbali, basi la mwisho likamwacha. Akaona afadhali amalize tangi kuliko kukaa bure. Sasa anauliza kwa nini mnataka kumkata mguu."

"Nani kasema tunamkata mguu?"

"Wewe. Umemchora mstari."

Daktari alimwangalia mgonjwa, akauangalia mstari wa wino aliouchora mwenyewe pajani alfajiri, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile uso wake ukabadilika. Alivuta kiti upande wa pili. Alieleza kwamba pale ndipo atakapofungua ngozi ili atie chuma cha kuunga mfupa, na mguu utabaki palepale ulipo. Shangazi alianza kutafsiri, akakwama. Neno la chuma alikuwa nalo. Chuma kinachoingia ndani ya mfupa hakikuwahi kutokea katika barua yoyote. Polepole alifungua kamusi, akalowesha kidole, akaanza kufunua ukurasa mmoja baada ya mwingine kwa mwendo wake uleule, huku muuguzi mkuu akiuma midomo. Hatimaye fundi saa aliifunga kamusi. Alitia mkono mfukoni, akatoa skrubu mbili ndogo kuliko punje ya mchele na vipande viwili vya bomba jembamba la shaba. Alichukua kijiti cha kiberiti, akakipitisha ndani ya vipande vyote viwili kikaviunga kama mfupa mmoja, akaingiza skrubu huku na huku, akampa mgonjwa.

Fundi wa kuchomelea alikigeuza mkononi. Uso wake ulikunjuka. Aliuliza swali, na shangazi akacheka kabla ya kulitafsiri.

"Anauliza ni chuma cha aina gani."

"Mwambie hakishiki kutu," daktari alijibu.

"Anauliza fundi ni nani."

Daktari akajionyesha kifuani. Mgonjwa aliomba kuiona mikono yake. Daktari bingwa, ambaye wanafunzi walikuwa wakimpisha kwenye korido, alinyoosha mikono miwili kama mtoto anayekaguliwa kucha. Mgonjwa aliitazama juu na chini, akaibonyeza vidole, kisha akasema neno moja. Hilo hata karani alilielewa. Alisema *sawa*.

Alikuwa na ombi moja: bibi huyu awepo mpaka usingizi wa dawa umchukue. Muuguzi mkuu alifungua kinywa kusema kanuni hairuhusu. Akamtazama mgonjwa, akamtazama yule mama na gauni lake la heshima, akaenda kabatini na kurudi na joho la kijani na kofia.

"Funga kamba kwa nyuma, mama," alisema. "Na usiguse kitu."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Lakini homa ilikuja, na mtu mwenye homa haelezi kwa vidole wapi panauma. Jioni ileile shangazi aliitisha mkutano, wakapanga zamu. Wanachama tisa, na yule mdogo wao kabisa alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Jaji mstaafu alichukua asubuhi. Alikaa wima kama yupo mahakamani, akimsomea mgonjwa hotuba za zamani za ng'ambo, na mgonjwa alipoanza kupata nafuu na kuzungumza, Jaji alimkosoa sarufi ya lugha yake mwenyewe. Mshona mapazia alichukua mchana. Alikuwa mwoga wa kusema, kwa hiyo alishona tu, na mgonjwa alimfundisha majina ya kila kilichokuwa chumbani, kuanzia dripu hadi kitasa. Polepole alichukua alfajiri, maana hakuna mtu mwingine aliyeitaka. Shangazi alikuja kila zamu iliyokosa mtu, na nyingine ambazo zilikuwa na mtu.

Karani aliwaona wakiingia na kutoka, huyu na chupa ya chai, yule na mto wa kukalia, na kila mmoja akisimama dirishani pake kusalimia. Hawakuwa na haraka wala majivuno. Hawakusema kwamba wanafanya jambo kubwa. Alikuwa amewajua tangu utotoni, akadhani anawajua. Sasa alikuwa akiwaona kama watu waliokaa miaka thelathini wakinoa kisu ambacho kila mtu aliwaambia hakitakata kitu.

Si wote waliofurahi. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliomba ahamishwe. Kuna mkono usiojulikana uliochora matusi kwenye mlango wa kijani, na mwenye nyumba akaja tena, safari hii bila upole. Kisha, siku ya kumi na moja, afisa wa usalama aliyevaa kiraia alikuja hospitali, akaomba kujua ni akina nani hawa wanaomzunguka mgeni. Shangazi alikuwa kwenye zamu. Alimkaribisha kiti, akamwomba kalamu, na kwa mwandiko wake wa ubaoni akaorodhesha majina tisa na anwani zao, la kwake likiwa la kwanza.

Karani alikuwa amesimama palepale na faili la kutiwa sahihi. Aliiona karatasi. Alimwona shangazi yake akihesabu mistari kwa ncha ya kalamu, na jina la karani, binti wa kaka yake, halimo, kama alivyoahidi.

"Ni hawa tu?" afisa aliuliza. "Tisa?"

"Tisa," shangazi alisema.

"Kumi," karani alisema.

Alichukua kalamu mkononi mwa shangazi yake, akaandika jina lake mwisho wa orodha, na mbele yake akaandika kazi yake na namba ya chumba cha masjala, ili asipate taabu kumtafuta. Afisa alisoma, akamtazama, akaikunja karatasi. Aliuliza maswali mengine mawili ya kawaida, akaondoka, na hakuna kilichowapata. Lakini wakati ule hawakujua hivyo. Shangazi alitoa kitambaa, akafuta miwani yake kwa muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kuwapasha habari jamaa za mgonjwa. Fundi alikuwa na mke na mama mzee, na bila shaka walishamlilia. Barua hazikwenda. Hapo ndipo shangazi alipomtaja Katibu. Ng'ambo nako kulikuwa na chama kama chao, na katibu wake alikuwa mwanamke ambaye shangazi aliandikiana naye kwa miaka thelathini na mmoja. Huyu aliandika kwa lugha ya yule, yule kwa lugha ya huyu, na walisahihishana makosa kwa wino mwekundu. Hawakuwahi kuonana, wala hata mmoja hakuwahi kuisikia sauti ya mwenzake. Sasa, tangu daraja lifungwe, barua zilikuwa zimekatika.

Karani ndiye aliyefikiri njia. Mwanachama wa zamani, daktari wa meno, alikuwa amehamia nchi ya tatu ambako simu zilikwenda kote kuwili. Walimpigia kwa simu ya masjala. Daktari wa meno, ambaye alikuwa miongoni mwa walioondoka bila kuaga, alisema wampe jina la mke.

Jibu lilikuja baada ya siku nne. Mke ameambiwa na Katibu, na amekaa chini sakafuni kwa furaha. Na kulikuwa na habari nyingine. Ng'ambo, katika hospitali ya mji wa mpakani, alilazwa mtu wa huku: mpiga picha za arusi, aliyekwenda kupiga picha wiki ileile daraja lilipofungwa, akaugua figo, akabaki. Hakujua lugha ya kule hata neno. Chama cha kule kilikuwa kikimkalia kwa zamu tangu mwezi wa pili wa ugomvi.

Shangazi alimwambia karani arudie. Karani akarudia.

"Wanamkalia kwa zamu," shangazi alisema. "Wenzetu."

"Ndiyo, Shangazi."

"Nani kawaambia?"

Hakuna aliyewaambia. Kama ambavyo wao hawakuambiwa.

Jaji mstaafu alijifungia siku mbili, akatoka na barua moja kwa serikali mbili, fupi, ya heshima, isiyolaumu mtu, na iliyoandikwa kwa namna ambayo mtu asingeweza kuikataa bila kuona haya. Mgonjwa mmoja avuke huku, mmoja avuke kule. Chama cha ng'ambo kikapeleka nakala yake upande wao. Majibu yalichukua wiki sita, na katika wiki hizo fundi alijifunza kutembea kwa magongo, akazitengeneza bawaba za milango yote ya wodi iliyokuwa ikipiga kelele, na muuguzi mkuu akawa anamfokea kwa King'ambo kilichovunjikavunjika kila alipomkuta amesimama juu ya kiti. Kisha ruhusa ikaja: Jumatano, saa nne asubuhi, daraja lifunguliwe kwa nusu saa.

Gari la wagonjwa liliwachukua. Dereva, muuguzi mmoja, fundi, shangazi, na karani aliyeomba likizo ya siku moja. Daktari wa mifupa alikuja hadi kwenye gari kuuaga mguu. Fundi alimshika mikono yote miwili, akaibonyeza vidole kama siku ile, akamwambia kwa lugha ya huku, maneno aliyoyafanyia mazoezi na Polepole wiki nzima, kwamba kazi yake ni safi na haina mapengo.

Daraja lilikuwa refu na tupu. Askari waliinua kizuizi. Upande wa pili kizuizi kingine kiliinuka, na watu wadogo wadogo wakaanza kuja, wakisukuma kiti cha magurudumu alichokalia mpiga picha. Afisa alieleza kwamba kila upande utasimama kwenye mstari wa katikati na hakuna atakayeuvuka ila wagonjwa. Wakatembea, fundi kwa magongo yake, karani akimshikia mkoba. Nyuma ya kiti cha magurudumu alikuwa mke wa fundi, na fundi alipomwona aliyaachia magongo yote mawili yakaanguka, akamaliza hatua tano za mwisho bila kitu mkononi. Muuguzi alipiga hatua kumfuata, akajizuia.

Karani alipogeuka kumtafuta shangazi yake, alimwona amesimama ncha za viatu zikigusa mstari. Mbele yake, upande wa pili, alisimama mwanamke mfupi, mnene, mwenye mvi fupi na mkoba uliojaa mno. Walikuwa wanatazamana. Halafu wakaanza kusema kwa pamoja. Shangazi alisema kwa lugha ya ng'ambo, Katibu akasema kwa lugha ya huku, kila mmoja kwa maneno ya vitabuni yaliyopitwa na wakati, bila kungoja zamu, bila kuvuta pumzi. Askari wa huku alimsikiliza mgeni akaelewa kila neno. Askari wa kule naye hivyohivyo. Wakaangaliana juu ya vichwa vya wale akina mama wawili, na yule wa kule akawa wa kwanza kutabasamu. Afisa alitazama saa yake mara tatu. Mara ya nne aliuficha mkono nyuma.

Njiani kurudi, mpiga picha alilala safari nzima. Karani alimwuliza shangazi yake kwa sauti ya chini walizungumza nini.

"Hata sikumbuki," alisema. "Nadhani nilimsahihisha kitenzi." Akatazama nje ya dirisha mpaka mjini.

Ugomvi wa serikali uliisha baada ya mwaka na miezi miwili, na kama ulivyoanza, watu wa kawaida hawakuambiwa kwa nini. Wanachama wa zamani walianza kurudi ghorofani mmoja mmoja, wakiona aibu, na shangazi aliwapokea kana kwamba walikosa Alhamisi moja tu. Muuguzi mkuu alijiunga akiwa wa ishirini na tatu. Hospitali iliomba orodha ya watu wa kuitwa kila mgonjwa wa lugha ngeni anapolazwa, na karani ndiye aliyepewa kuitunza.

Safari ya tatu ya shangazi haikuzuiwa na ugonjwa wa mtu. Karani alimsindikiza hadi darajani kwa basi la kawaida. Shangazi alikuwa na mkoba, sanduku moja na mche wa waridi kwenye kopo, zawadi ya kumpelekea Katibu. Mkaguzi wa ng'ambo, kijana mwenye sura ya ukali, alimwambia mimea hairuhusiwi. Kutoka upande wa huku karani hakusikia maneno, aliona tu shangazi yake akiweka sanduku chini, akinyoosha mgongo kama aliyesimama mbele ya darasa, na kuanza kuzungumza. Mkaguzi alifungua kinywa mara mbili, akakifunga. Aliita mwenzake, na mwenzake akaja, akasikiliza pia, mkono mdomoni. Iliendelea hivyo kwa dakika kama saba. Mwishowe walianza kutembea kuelekea mji wa kule, shangazi mbele na mkoba wake, na mkaguzi nyuma yake amebeba sanduku mkono mmoja, na mkono wa pili, kwa uangalifu mkubwa, ameshika kopo la waridi.